Sentro loki ya dukani na alamu ya gari: kuziunganisha zifanye kazi pamoja

Fika mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri uone Kirikuu na pikapu zilivyopanga foleni zikisubiri magunia ya dagaa. Mama mwenye mzigo ana daftari mkono mmoja na simu mkono mwingine, na bado inambidi azunguke gari abonyeze vitasa mlango baada ya mlango. Wengi wao tayari wana alamu. Wakibonyeza rimoti, king'ora kinalia na taa zinamulika, lakini milango imebaki kama ilivyoachwa. Gari limetangaza kwamba limefungwa, na halijafungwa.

Magari mengi ya kazi yanayotufikia kutoka Japani ni ya daraja la chini: vioo vya kuzungusha kwa mkono, vitasa vya kubonyeza. Kuyawekea sentro loki, yaani mota zinazoloki milango yote kwa pamoja, na kuziunganisha na alamu ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye subira, na si ghali. Kinachoharibu kazi hii ni kukisia. Nimeshaletewa maboksi ya alamu yaliyoungua ambayo hayana kosa lolote: mtu aliona waya wa bluu kwenye alamu na waya wa bluu kwenye mota, akasema hizi ni ndugu, akazifunga pamoja. Rangi za nyaya hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Kwa hiyo katika mwongozo huu kila waya utapimwa kabla ya kuunganishwa, na ukichoka kupima, pumzika, usiruke.

Kilichomo ndani ya boksi ulilonunua

Seti ya kawaida ya sentro loki ina mota nne, boksi dogo la kuziendesha, mkungu wa nyaya, rodi nyembamba za chuma, vibao vyenye matundu na skrubu. Angalia mota vizuri. Moja, au wakati mwingine mbili, zina nyaya 5, nyingine zina nyaya 2 tu. Mota ya nyaya 2 inasukuma na kuvuta, basi. Ile ya nyaya 5 inasukuma na kuvuta pia, lakini ndani yake kuna swichi inayoliarifu boksi kwamba dereva ameloki au amefungua kwa funguo au kwa mkono. Hiyo ndiyo inakwenda mlango wa dereva, ambao kwetu ni wa kulia. Ukiifunga mlango mwingine, utafungua kwa funguo upande wako na milango mingine haitajua.

Kwenye mota ya nyaya 5, mara nyingi bluu na kijani ni za mota yenyewe, na nyeupe, kahawia na nyeusi ni za swichi. Mara nyingi, si mara zote. Weka mita ya umeme kwenye ohm. Tafuta nyaya mbili zinazosoma ohm chache na ambazo usomaji wake haubadiliki ukisogeza rodi na kuiacha itulie. Hizo ni za mota. Zilizobaki tatu ni za swichi: vuta rodi mpaka mwisho, pima jozi zake, kisha isukume mpaka mwisho upande wa pili upime tena. Waya unaoonekana kwenye jozi zote mbili ndio wa pamoja, nao utakwenda erthi, yaani upande wa hasi ya betri. Dakika tano tu, na umeshaijua mota yako.

Kisha jaribu kila mota mezani kwa betri. Nyaya mbili kwenye ncha za betri kwa nusu sekunde, rodi itoke kwa nguvu. Geuza nyaya, irudi. Huo ndio moyo wa kazi yote: mota hii hailoki na kufungua kwa nyaya mbili tofauti, inafanya yote kwa kugeuza moto (chanya ya betri) na erthi kwenye nyaya zilezile. Zikiwa zimepumzika, nyaya zote mbili zinakaa kwenye erthi. Wakati wa kuloki mmoja unapata moto na mwingine unabaki erthi. Wakati wa kufungua, kinyume chake. Mota inayosuasua mezani irudishe dukani siku hiyohiyo, maana ndani ya mlango itasuasua zaidi.

Alamu yako inatoa nini?

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda mrefu. Alamu hutoa ishara ya loki kwa njia tatu, na ukishajua yako ni ipi, nusu ya kazi imekwisha.

Njia ya kwanza ni erthi dhaifu. Ukibonyeza rimoti, waya mmoja wa alamu unagusa erthi kwa nusu sekunde, kisha unaachia. Waya huu unaweza kubeba miliampea mia chache tu. Mota moja ikifika mwisho wa safari yake inaweza kula ampea 4 au 5, na nne kwa pamoja ampea 15 au zaidi. Ukiupa waya huu mota moja kwa moja, alamu inakufa papo hapo. Ndivyo yalivyokufa yale maboksi niliyoletewa.

Njia ya pili ni moto dhaifu: badala ya erthi, waya unatoa volti 12 kwa nusu sekunde. Udhaifu ni uleule.

Ya tatu ni alamu yenye rilei mbili ndani yake, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme. Utaitambua kwa soketi ya pekee yenye nyaya 6, tatu kwa kuloki na tatu kwa kufungua. Katika kila tatu kuna waya wa pamoja, mmoja ambao umeshikana nao wakati wa kupumzika, na mmoja ambao unashikana nao rimoti ikibonyezwa. Nyaya hizi hazina umeme wake zenyewe. Ni kama swichi, zinapitisha kile utakachozipa.

Kupima ni hivi. Alamu iwe na umeme, soketi ya loki isiwe imeunganishwa popote. Usitumie testa ya balbu kubwa, kwa sababu balbu inavuta mkondo mwingi kwa waya dhaifu. Chukua LED moja (kitaa kidogo) yenye rezista ya kilo-ohm 1, au mita ukiiweka kwenye volti. Ncha nyekundu ya mita kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye waya unaoupima, kisha bonyeza kuloki. Mita ikiruka juu na kurudi sifuri, ni erthi dhaifu. Mita za bei ndogo hazina kasi, zinaweza kuonyesha 7 au 9 tu kabla mpigo haujaisha. Usihangaike na namba, tazama kama imeruka. Isiporuka, hamisha ncha nyeusi kwenye erthi na nyekundu kwenye waya, bonyeza tena. Ikiruka sasa, ni moto dhaifu. Isiporuka kabisa na nyaya ni 6, weka mita kwenye mlio wa mwendelezo utafute nani ameshikana na nani kabla na wakati wa kubonyeza. Andika kwenye karatasi. Usitegemee kichwa, utasahau ukishaingia chini ya dashibodi.

Angalia pia urefu wa mpigo, yaani muda ambao ishara ya loki inadumu. Alamu nyingi zinakuruhusu kuchagua kati ya takriban nusu sekunde na sekunde tatu na nusu. Ule mrefu ni kwa magari ya loki za pampu ya upepo, kama Mercedes-Benz za zamani. Mota zetu zinataka mfupi. Ukiacha mrefu, mota itasukuma ukuta kwa sekunde tatu kila unapobonyeza, na itaungua.

Ndani ya mlango

Chomoa erthi ya betri kwanza. Kama gari lina mifuko ya hewa, ukikuta soketi za njano usizitoboe, usizipime, ziache zilivyo.

Teremsha kioo chote, tazama kinapopita, kisha kipandishe. Toa skrubu za mkono wa mlango. Mpini wa kuzungushia kioo umeshikwa na klipu ya waya nyuma yake: pitisha kitambaa kati ya mpini na kava, kivute kushoto na kulia kama anayepiga viatu rangi, klipu itachomoka. Weka mkono wako tayari, maana huruka mbali. Kava la mlango linatoka kwa kuvuta pini zake kutoka chini kwenda juu.

Nyuma ya kava kuna nailoni iliyobandikwa. Wengi huichana na kuitupa, nami naomba sana usifanye hivyo. Maji ya mvua huingia mlangoni kupitia ukingo wa kioo na kutokea kwenye matundu ya chini. Hiyo nailoni ndiyo inayazuia yasifike kwenye kava na kwenye nyaya. Huku kwetu mvua za ziwani zinapiga ubavuni, na magari ya samaki yanashinda yamelowa maji ya barafu. Ibandue taratibu kwa kisu, gundi yake ile nyeusi ikiwa imebaki, na utairudisha palepale.

Sasa tafuta rodi ya kitasa, ile inayokwenda ukibonyeza kile kitufe cha juu ya mlango. Ishike kwa vidole viwili na usogeze kitufe kwa mkono mwingine. Utausikia mwendo wake: sentimita moja na nusu, labda mbili, na katikati kuna mahali inapokuwa nyepesi kabla ya kudondokea upande mmoja. Ukishaujua mwendo huo kwa vidole vyako, kufunga mota kunakuwa rahisi. Mambo matatu yafuatwe. Rodi ya mota iende sambamba na rodi ya kitasa, isiikate kwa pembe. Wakati kitasa kiko katikati ya safari, mota nayo iwe katikati ya safari yake, ili isigote upande mmoja kabla kitasa hakijafika. Na mota ikae nje ya njia ya kioo. Shikilia mota mahali ulipopachagua, teremsha kioo chote, ndipo uweke alama ya drili.

Kunja rodi kadiri utakavyolazimika, isizidi hapo. Kila kona unayoikunja ni nguvu inayopotea. Kaza kile kishikizo chenye skrubu mbili kinachounganisha rodi na rodi, kisha sogeza kitufe kwa mkono mara kumi. Kikiwa kizito kuliko mwanzo, mota imekaa vibaya. Irekebishe sasa hivi. Usidhani umeme utaulazimisha mlango. Utaulazimisha kwa wiki mbili tu.

Kuvusha nyaya kutoka mlangoni hadi ndani

Ukitafuta sababu ya loki kufa baada ya miezi sita, nenda moja kwa moja kwenye bawaba. Waya unaopita kati ya mlango na nguzo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na gari la biashara hufunguliwa mara nyingi mno kwa siku. Kama gari lina mpira wa kiwandani wa kupitishia nyaya za spika, tumia huohuo. Kama halina, toboa tundu mlangoni na jingine kwenye nguzo, la nguzo likiwa juu kidogo kuliko la mlango ili maji yasitiririkie ndani, na kila tundu livalishwe mpira wa kinga. Chuma kitupu kitakata waya. Acha waya ulegee kiasi cha mlango kufunguka wote, kisha fungua na kufunga huku ukitazama usibanwe.

Nyaya za mota zisiwe chini ya milimita mraba 1.5, na zile za moto na erthi kuu ziwe 2.5. Waya mwembamba wa spika utaonekana unatosha siku ya kwanza, lakini milango ya nyuma itakuwa goigoi.

Viungo vichomelewe lehemu na kuvalishwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Nailoni ya kuzungushia peke yake haitoshi. Jua la mchana likiingia ndani ya gari lililofungwa, gundi yake inalainika, nailoni inajikunjua, na waya unabaki uchi.

Kuunganisha na alamu

Moto uchukue kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ya ampea 15 au 20 iwe karibu na betri, isizidi shibiri moja na nusu. Fyuzi ikiwa mbali chini ya dashibodi, waya wote kabla yake hauna ulinzi, na ukichubuka kwenye chuma utawaka. Erthi ikazwe kwenye bodi, mahali ulipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Usikaze kwenye bawaba wala kwenye skrubu ya plastiki.

Kama una boksi la sentro loki na alamu ya erthi dhaifu, umepata njia nyepesi. Nyaya mbili za swichi ya mota ya dereva, zile ambazo si za pamoja, zinaingia kwenye boksi. Rudisha betri kwa muda, gusisha mmoja kwenye erthi: milango ikiloki, huo ndio wa kuloki, mwingine ni wa kufungua. Waya wa alamu wa kuloki uunge ubavuni mwa ule wa kuloki, wa kufungua ubavuni mwa wa kufungua. Usiukate waya wa swichi, uunge tu, ili funguo ya dereva iendelee kufanya kazi. Kama boksi lina nyaya za pekee kwa ajili ya alamu, tumia hizo.

Alamu yenye rilei ndani inaweza kuendesha mota yenyewe, lakini mimi naona ni heri kuitumia kuliamrisha boksi. Nyaya zote mbili za pamoja zipeleke erthi. Zile zinazoshikana rimoti ikibonyezwa zipeleke kwenye nyaya za kuloki na kufungua za boksi. Mbili zilizobaki, zinazoshikana wakati wa kupumzika, kila moja izibwe peke yake vizuri kabisa, isiguse kitu. Kwa njia hii rilei ndogo za alamu hazibebi mzigo wa mota nne.

Na kama boksi limekufa au hukupewa, nunua rilei mbili za miguu mitano. Namba zimechapwa chini yake. Kwenye rilei zote mbili, 87 inapata moto uliopita kwenye fyuzi, 87a inakwenda erthi, na 86 inapata moto. Mguu wa 85 wa rilei ya kwanza unapokea waya wa alamu wa kuloki, na 85 ya rilei ya pili unapokea wa kufungua. Mguu wa 30 wa rilei ya kwanza unakwenda kwenye waya mmoja wa mota zote, na 30 ya pili kwenye waya mwingine. Watu husahau 87a, kisha wanashangaa rilei zinalia tak, tak, na mota haiendi: bila 87a kwenye erthi, umeme unaingia kwenye mota lakini hauna pa kurudia. Weka pia diodi ya 1N4007, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kati ya 85 na 86 ya kila rilei, mstari wake ukielekea 86. Inalinda alamu dhidi ya mrusho wa umeme rilei inapoachia. Hii ni kwa alamu ya erthi dhaifu. Ikiwa ya moto dhaifu, 86 ipokee alamu, 85 iende erthi, na diodi ibaki vilevile. Rilei hizohizo zinafaa pia kwa alamu ya moto dhaifu yenye boksi: mguu wa 30 erthi, mguu wa 87 kwenye boksi.

Usisahau waya wa alamu unaosoma mlango. Kwenye magari mengi ya Kijapani swichi ya taa ya ndani inagusa erthi mlango ukifunguliwa. Pima volti, betri ikiwa imerudishwa kwa muda: mlango wazi usome karibu na sifuri, mlango ukifungwa usomaji uongezeke kuelekea 12. Waya wa alamu wa mlango, ule wa hasi, uunge hapo. Bila huo, alamu itaanza kulinda gari mlango wa nyuma ukiwa wazi na haitakuambia.

Kujaribu

Kabla ya kurudisha erthi ya betri, teremsha kioo cha dereva na kiache hivyo mpaka kazi iishe. Gari likijiloki na funguo ndani, utamshukuru aliyekuambia.

Bonyeza rimoti. Mlango mmoja ukienda kinyume cha mingine, geuza nyaya mbili za mota ya mlango huo tu. Milango yote ikifungua unapoloki, badilishana zile nyaya mbili za alamu. Zikiloki na kufungua zenyewe mfululizo, kra-kra-kra, chomoa fyuzi haraka: mota ya dereva iko kinyume, kwa hiyo kila ikiambiwa loki inafungua, swichi yake inaliamrisha boksi lifungue, na mzunguko hauishi. Geuza bluu na kijani za mota hiyo. Aliwahi kuniita kijana mmoja wa Igoma, "Fundi, gari linajifunga na kujifungua lenyewe, njoo upesi." Ilikuwa ni hilo.

Mota zikiwa na nguvu injini ikiwaka na dhaifu ikizimwa, pima volti kwenye boksi wakati wa kuloki. Betri nzima iliyopumzika ina takriban 12.6, ikishuka sana kwenye boksi ilhali kwenye betri haishuki, erthi yako au waya wako ndio tatizo.

Kisha jaribio ambalo sitakubali ulipite. Chomoa betri. Funguo ifungue mlango wa dereva, na kila mlango ufunguke kwa ndani kwa mkono. Kama kuna mlango unaokataa, usirudishe kava. Mota imebana kitasa. Watoto hupanda magari haya, na betri hufa bila kupiga hodi.

Rudisha nailoni, rudisha kava, jaribu mara kumi tena.

Mwisho, punguza ukali wa kihisi cha mtikisiko cha alamu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wengi hawapandi tena pantoni kila wiki, lakini wa kisiwa cha Ukerewe bado wanavuka, na mtetemo wa injini ya kivuko unatosha kuamsha king'ora njia nzima mpaka ng'ambo. Skrubu ndogo kwenye kihisi izungushwe mpaka kiganja kikipigwa kwenye nguzo ya mlango kiamshe, lakini lori likipita kando kisiamshe. Na ile karatasi yako ya vipimo, yenye rangi za nyaya na mahali fyuzi ilipo, ikunje uiweke kwenye nailoni ndani ya dashibodi, ili fundi atakayefungua gari hili baada yako asianze kwa kukisia.